Kosa Namba 201: Kadi za Kumbukumbu na Historia ya Kompyuta Mjini Kampala

Historia ya kompyuta nchini Uganda, kama inavyoandikwa na kufundishwa, ni historia ya vitu kufika. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe zilianza kupita chuoni hapo kwa mtandao wa FidoNet. Mwaka 1995 nchi ikapata kikoa chake cha intaneti, .ug. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika pwani ya Afrika Mashariki. Orodha hii ni sahihi, na mwanafunzi akiikariri atafaulu mtihani. Tatizo lake ni kwamba haimwambii msomaji kilichotokea baada ya boksi kufunguliwa. Mashine ilipokataa kuwaka wiki ya tatu, nani aliiwasha tena, kwa ujuzi gani, na kwa vipuri vya nani?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata kifaa kimoja tu: kadi ya nyongeza ya kumbukumbu katika kompyuta za IBM na nakala zake, zilizotumika kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi miaka ya 1990. Hoja yangu ni kwamba katika mji uliokuwa na uhaba wa fedha za kigeni, umeme usiotabirika na vumbi jingi, kuzitengeneza kadi hizi hakukuwa kazi ya pembeni. Ndiko kulikoamua kama kompyuta ipo au haipo. Na ujuzi uliotokana na kazi hiyo haukuingia katika historia tunayoisoma.

Kwanza tuielewe kadi yenyewe. Kompyuta binafsi ya IBM ilitoka Agosti 1981. Ile ya bei ya chini iliuzwa ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, na ubao wake mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, ungeweza kubeba kilobaiti 64 tu. Kichakato chake, Intel 8088, kiliweza kufikia kilobaiti 1,024, lakini IBM ilitenga sehemu ya juu kwa ajili ya skrini na programu za kudumu za mashine, zikabaki kilobaiti 640 kwa mtumiaji. Picha moja ya simu ya leo haitoshei humo. Modeli iliyofuata, XT ya mwaka 1983, iliweza kubeba kilobaiti 256 juu ya ubao wake. Kutoka 256 hadi 640 palikuwa na pengo la kilobaiti 384, na katika pengo hilo watu walitajirika. Kampuni ya AST ya California, iliyoanzishwa mwaka 1980 na wahamiaji watatu, mmoja kutoka Pakistan na wawili kutoka Hong Kong, ilipata umaarufu kwa kadi yake ya SixPakPlus. Kadi hiyo ilibeba kilobaiti 384 kamili, pamoja na saa yenye betri, tundu la printa na tundu la modemu.

Ile saa ina umuhimu wake kwa sisi wanafunzi wa historia. XT haikuwa na saa ya kudumu. Kila ilipowashwa iliuliza tarehe, na mtumiaji mwenye haraka alibonyeza tu kitufe na kuendelea. Hapo mashine ilijipa tarehe ya 1 Januari 1980. Kwa hiyo mtafiti atakayepata diski za ofisi fulani ya miaka ya 1980 na kukuta nyaraka zote ziliandikwa siku moja, tena siku ambayo kompyuta hiyo ilikuwa bado haijabuniwa, asidhani amegundua jambo. Amegundua kwamba ofisi hiyo haikuwa na kadi yenye saa, au kwamba betri ya kadi ilikwisha na haikubadilishwa.

Kwa nini watu walihitaji kumbukumbu nyingi hivyo? Jibu kubwa ni lahajedwali. Programu ya Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, iliweka jedwali zima ndani ya kumbukumbu. Jedwali likikua, kumbukumbu ilijaa na kazi ikasimama. Wataalamu waliokuwa katika Wizara ya Kilimo ya Kenya walikwisha andika mapema mwaka 1983 juu ya kutumia kompyuta ndogo kusimamia bajeti, na katika miaka iliyofuata miradi ya wafadhili ilieneza mtindo huo katika eneo letu lote. Bajeti ya wizara haiishii ukurasa mmoja. Kumbe kadi ya kumbukumbu haikuwa anasa. Bila hiyo jedwali la wilaya zote lilikatwa vipande, na mtu akajumlisha vipande kwa kalamu kama zamani.

Sasa tuiweke kadi hiyo Kampala. Jeshi la NRA liliuteka mji tarehe 26 Januari 1986. Mei 1987 serikali ilibadilisha sarafu, ikafuta sufuri mbili na kutoza asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa. Fedha za kigeni zilipatikana kwa mgawo rasmi au kwa mlango wa nyuma, hadi maduka ya kubadilishia fedha yaliporuhusiwa mwaka 1990. Wafanyabiashara Waasia waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya biashara ya uagizaji walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90, na mitandao yao ya ugavi iliondoka nao. Mzigo wowote ulipita Mombasa na kupanda zaidi ya kilomita elfu moja hadi hapa. Katika hali hiyo, kuagiza kadi mpya kulikuwa suala la vibali na dola kabla halijawa suala la ufundi.

Hatukuwa peke yetu katika ubanaji huu. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1974 serikali yake ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, marufuku iliyodumu hadi miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba Tanzania ilizuia kwa sheria. Uganda ilizuiwa na vita na mfuko mtupu.

Juu ya hayo kulikuwa na soko la dunia. Mwaka 1986 Marekani na Japani zilitiliana saini mkataba kuhusu biashara ya chipu. Kufikia 1988 chipu za kumbukumbu zilikuwa adimu na bei zake zilipaa. Julai 1993 kiwanda cha kampuni ya Sumitomo mjini Niihama, Japani, kililipuka. Kilikuwa kinatengeneza gundi ya kufunikia chipu, na bei zikapanda ghafla duniani kote. Fundi wa Kampala hakuhitaji kusoma habari za Niihama. Alizisikia kwa mdomo wa muuzaji wa Nairobi aliyempigia hesabu mpya.

Tuje kwenye ubovu wenyewe, kwa maana hapa ndipo historia ilipofichwa. Kumbukumbu ya wakati ule haikuwa kijibao kimoja cha kuchomeka kama tunavyoijua. Ilikuwa safu za chipu ndogo zenye miguu 16, kila moja ikibeba biti 65,536. Chipu nane zilifanya safu ya kilobaiti 64, na ya tisa ilihifadhi biti ya ukaguzi iitwayo pariti. Kadi yenye kilobaiti 384 ilikuwa na safu sita, yaani chipu 54, na miguu 864 ya chuma iliyosimama ndani ya soketi. Mguu mmoja ukikosa kugusa vizuri, mashine nzima inasimama.

Na miguu hiyo haikutulia. Mashine ikiwaka hupata joto na chuma hutanuka. Ikizimwa hupoa na chuma husinyaa. Kila mzunguko huisukuma chipu kidogo sana kutoka kwenye soketi yake. Katika ofisi ambayo mashine huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, mwendo huo huchukua muda mrefu. Lakini umeme wetu ulitoka kwenye bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 na kukosa matunzo kwa miaka mingi ya vurugu. Umeme ulipokatika na kurudi mara kadhaa kwa siku, chipu zilipanda soketi zao mapema. Ongeza vumbi jekundu la murram linaloingia kwa feni, na unyevunyevu wa ziwa unaotia kutu. Ugonjwa huu ulijulikana kote duniani. Kampala iliuharakisha tu.

Dalili zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilitokea kazini: skrini ilisimama na maneno PARITY CHECK, yakifuatiwa na namba. Namba 1 ilimaanisha kosa liko kwenye ubao mkuu, namba 2 kwamba liko kwenye kadi ya nyongeza. Chochote ambacho hakijahifadhiwa kilipotea palepale. IBM iliona ni heri mashine ife kuliko iseme uongo, na kwa mtu wa hesabu za serikali nadhani ilikuwa sahihi, ingawa karani aliyepoteza kazi ya asubuhi nzima asingekubaliana nami. Dalili ya pili ilitokea wakati wa kuwasha: mashine ilihesabu kumbukumbu yake, ikakwama, ikatoa namba iliyoishia na 201.

Namba hii nimejifunza kuisoma kwa mjomba wangu, ambaye amekuwa fundi mjini hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka jana tulipewa XT iliyokaa katika stoo ya shule moja ya sekondari kwa miaka mingi. Tulipoiwasha ilitoa 4020 201. Nilidhani ni takataka tu. Mjomba akaniambia, “Hiyo ni anwani, mwanangu. 40 ni mtaa, 20 ni nyumba. Wewe nenda ukabishe hodi.”

Alikuwa anasema kweli kabisa. Tarakimu ya kwanza ukiizidisha kwa 64 unapata mahali kosa lilipoanzia: 4 mara 64 ni kilobaiti 256, yaani safu ya kwanza ya kadi, mara tu baada ya ubao mkuu kuisha. Tarakimu mbili zinazofuata zinataja biti: 01 ni ya kwanza, 02 ya pili, 04 ya tatu, 08 ya nne, 10 ya tano, 20 ya sita, 40 ya saba, 80 ya nane, na 00 ni chipu ya pariti. Kati ya chipu 54 mashine ilikuwa imetutajia moja.

Alianza na yale yasiyogharimu kitu. Aliichomoa kadi, akasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli hadi yakang'aa, akaibonyeza kila chipu kwa kidole gumba huku akisikiliza. Chache zililia kwa mlio mdogo wa kurudi mahali pake. Tukawasha: 4020 201. Basi chipu yenyewe ilikuwa imekufa, na hatukuwa na nyingine. Hapo akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha makala haya. Alibadilishana ile chipu mbovu na ya safu ya mwisho, nafasi ileile ya biti ya sita. Tukawasha tena. Mashine ikahesabu, ikapita 256, ikaendelea, ikakwama ikisema 9020 201. Mtaa umebadilika, nyumba ni ileile. 9 mara 64 ni 576. Kosa lilikuwa limehamishiwa mwisho wa kumbukumbu. Kisha akageuza swichi ndogo za kadi ili isiitambue safu ya mwisho kabisa. Mashine ikahesabu hadi 576, ikalia mlio mmoja mfupi, ikaanza kazi.

Kwa lugha ya hasara na faida: chipu moja ilikufa, kilobaiti 64 zikatolewa sadaka, na 576 zikaokolewa bila kutumia shilingi. Chipu nane zilizobaki nzima katika safu ile zikawa akiba ya vipuri kwa ugonjwa utakaofuata. Mjomba anasema ofisini walikoiita mashine “nzima” mara nyingi ilikuwa na 576 au 512, na aliyeitumia hakujua kamwe.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya si ya Kampala. Wamarekani nao walibonyeza chipu kwa vidole na kusugua kadi kwa vifutio, tena miongozo ya Kiingereza ilikwisha eleza hayo yote. Pingamizi hili lina nguvu, na sitaki kudai kwamba mafundi wetu waligundua mbinu ambazo zilijulikana kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kumbukumbu ilipokuwa ghali kila mahali, fundi wa Chicago na fundi wa Kampala wangeelewana bila mkalimani. Tofauti ilikuja baadaye. Bei iliposhuka, kule saa moja ya fundi ikawa ghali kuliko kadi nzima. Kadi yenye kosa ikatupwa, na ujuzi wa kuisoma 201 ukakosa kazi. Hapa saa ya fundi iliendelea kuwa nafuu na kadi ikaendelea kuwa ghali, na mashine ambazo kule zilikwisha staafu zilitufikia kama misaada, zikiwa tayari zimechoka. Kwa hiyo mbinu ileile iliishi maisha mawili: kule ilikuwa hatua ya mpito, hapa ikawa taaluma ya kumlisha mtu na watoto wake. Mwanahistoria David Edgerton, katika kitabu chake cha mwaka 2006, The Shock of the Old, anasisitiza kwamba historia ya teknolojia ikiandikwa kwa kufuata matumizi na matengenezo badala ya uvumbuzi, ramani yake hubadilika. Nadhani Kampala ni ushahidi mzuri wa hoja yake.

Turudi sasa kwenye ile orodha ya mwanzo, hasa FidoNet. Mtandao huu ulibuniwa mwaka 1984 na Tom Jennings huko San Francisco kwa ajili ya kompyuta binafsi na simu za kawaida. Mashine moja ilipigia nyingine usiku, zikabadilishana mafurushi ya barua, zikakata simu. Makerere ilijiunga kupitia mradi wa MUKLA, ambao jina la Charles Musisi linatajwa nao kila historia ya intaneti ya Uganda inapoandikwa. Barua zilipitia lango la GreenNet mjini London kwenda ulimwengu mzima. Wakati huohuo mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka na Harare, na HealthNet ikawafikishia madaktari habari za tiba, hata kwa setilaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku.

Tazama mfumo huo ulivyotegemea. Hapakuwa na mtu kando ya mashine saa nane za usiku. Simu ilipolia, kompyuta ilitakiwa iwe macho, imeshapita hesabu ya kumbukumbu, haijasimama na PARITY CHECK 2 kwenye skrini. Umeme ukikatika na kurudi, mashine ilijiwasha yenyewe na kujihesabu upya. Chipu moja ikiwa imepanda soketi yake, hesabu haikwisha, simu haikupokelewa, na barua ya daktari au mhadhiri ilingoja usiku mwingine. Tunawasifu waliofungua njia hiyo, na wanastahili. Lakini njia ilifunguliwa upya kila asubuhi na aliyefika na bisibisi.

Kwa nini basi hatuwaoni? Sababu moja ni vyanzo. Mradi huandika ripoti ya kununua mashine kwa sababu mfadhili anataka risiti. Hakuna anayeandika ripoti ya kidole gumba. Hata lugha ilichangia. Mafundi walifundishana kwa Kiganda na Kiswahili, kwa mdomo, wakichanganya na maneno ya kwenye skrini, ilhali ripoti ziliandikwa kwa Kiingereza. Msamiati wa mjomba, mtaa na nyumba, haumo katika mwongozo wowote niliousoma, na unaeleza anwani ya kumbukumbu vizuri kuliko mihadhara miwili niliyohudhuria.

Hali ya sasa inatia wasiwasi. Katika bajeti ya mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, televisheni na majokofu yaliyotumika, kwa nia ya kuzuia taka za kielektroniki. Nia hiyo naielewa. Lakini katika mjadala huo mashine kuukuu ilizungumzwa kama taka tu, wala haikuzungumzwa kama shule ya mafundi au kama kitu cha kihistoria. Waliokuwa na miaka 25 mwaka 1988 sasa wamepita 60. Daftari zao, kama walikuwa nazo, zimo chini ya vitanda.

Kadi zenyewe zinakwisha haraka zaidi. Meno yake yalipakwa dhahabu ili yasishike kutu, na dhahabu hiyo ndiyo iliyofanya kifutio cha penseli kitoshe kuyasafisha. Leo wanunuzi wa vyuma chakavu huzipima kwa kilo kwa sababu ya dhahabu hiyohiyo. Mjomba alipokwenda kumtafutia XT yetu chipu moja ya biti ya sita, alikuta katika duka alilolizoea kiroba cha kadi zilizokatwa meno kwa mkasi. Soketi zilikuwa bado zimejaa chipu. Alizichomoa chipu 20, muuzaji akamwachia bure, na sasa mashine inahesabu hadi 640.